Bloodstained: Ritual of the Night, maoni yamegongana. Umsikilize nani?

Swali: "Kaka, shikamoo. Niko Morogoro, nina PS4 niliyonunua mkononi mwa mtu. Kuna jamaa ananiuzia diski ya Bloodstained: Ritual of the Night. Nimesoma maoni ya wachezaji nikatoka nimechanganyikiwa. Mmoja anasema hajacheza gemu nzuri kama hii tangu ujana wake. Mwingine anasema picha zake mbaya na inagandaganda. Wa tatu anasema alizunguka ndani ya ngome mpaka akachoka, hajui aende wapi, akaizima moja kwa moja. Halafu nalala chumba kimoja na mdogo wangu wa miaka 12, na mama hapendi kabisa mambo ya mapepo. Ninunue au niache?"

Marahaba, mdogo wangu. Nunua. Lakini kabla hujatoa hela, nikueleze hao watu watatu uliowasoma wanaongelea nini. Wote wamesema kweli, ila kila mmoja anaongelea kitu chake, na ukijua ni kipi utaamua mwenyewe bila kunihitaji mimi.

Tuanze na huyo wa ujana wake. Karibu kila anayesema hivyo alicheza Castlevania: Symphony of the Night kwenye PlayStation ya kwanza, mwaka 1997. Gemu hiyo ya kampuni ya Konami ilikuingiza kwenye ngome ya Dracula ukiwa Alucard, mtoto wake wa kumzaa, na badala ya kukupandisha hatua kwa hatua ikakuachia ngome nzima uizunguke utakavyo. Mlango uliokushinda leo ulikuja kuupita baadaye, ukishapata uwezo wa kuruka mara mbili hewani au kugeuka ukungu. Na ukishadhani umemaliza, ngome nzima inapinduliwa, dari linakuwa sakafu, unaanza kuitembea upya. Wachezaji wakaliunganisha jina Castlevania na lile la Metroid, gemu nyingine ya Nintendo, wakapata jina la aina nzima ya magemu haya, Metroidvania.

Koji Igarashi alikuwa mkurugenzi msaidizi wa gemu ile, kisha akausimamia mfululizo huo kwa miaka mingi. Mwaka 2014 akaondoka Konami. Mei 2015 akaingia Kickstarter, ambako watu wa kawaida huchangia kazi kabla haijatengenezwa, akaomba dola 500,000 za kutengeneza Bloodstained. Zikaja zaidi ya dola milioni 5.5, kutoka kwa wachangiaji zaidi ya 64,000. Muziki akaandika Michiru Yamane, yule yule wa 1997. Hata mkutubi wa ndani ya ngome, O.D., amepewa sauti na Robert Belgrade, aliyekuwa sauti ya Alucard katika ile ya kwanza. Sasa mtu aliyetoa hela yake mfukoni, akangoja miaka minne, kisha akasikia sauti ile ikimsalimia kwenye maktaba, huwezi kumtaka maoni baridi. Anafurahi kurudishiwa kitu alichokipenda, na ana haki. Ila wewe hukuwa na kitu hicho, kwa hiyo furaha yake peke yake isikutoe hela.

Wa pili, wa picha mbaya. Hapa usisome maneno kwanza, soma tarehe na jina la mashine. Gemu ilitoka Juni 18, 2019 kwa PC, PS4 na Xbox One, na wiki moja baadaye, Juni 25, kwa Nintendo Switch. Ile ya Switch ilikuja na hali mbaya: picha ina ukungu, fremu 30 kwa sekunde badala ya 60, na ukibonyeza kitufe Miriam, msichana unayemchezea, anachelewa kuitika. Watu walikasirika, na walikuwa sahihi. Yalifuata masahihisho yaliyopunguza tatizo, lakini hasira ya wiki ile ya kwanza bado inasomwa hadi leo na watu wasio na Switch. Wewe una PS4. Hayo hayakuhusu.

Kuna malalamiko ya zamani zaidi ya hayo. Wachezaji walipoonyeshwa sehemu za mwanzo kabla gemu haijakamilika, wengi walisema mwanga ni hafifu na vitu vinaonekana kama plastiki. Timu haikunyamaza. Mei 2019, mwezi mmoja kabla ya kutoka, ilitolewa video inayomwonyesha Igarashi akikabiliana na maneno hayo ya wakosoaji, kisha zikafuata picha za zamani na mpya zikilinganishwa: taa, vioo vya rangi, mawe, nyuso, vyote vimefanyiwa kazi upya. Mimi nalipenda sana jambo hili. Ni nadra kuona maoni ya wachezaji yakibadilisha kitu kwa kiasi ambacho unaweza kukinyooshea kidole. Maana yake kwako ni hii: maoni yaliyoandikwa kabla ya Juni 2019 yanaongelea gemu ambayo haipo tena.

Nyuso za watu wakati wa maongezi bado ni ngumu, sitakuficha. Midomo inacheza, macho hayachezi. Lakini ngome yenyewe ni nzuri kwelikweli, hasa kanisa lake na vioo vinavyomwaga rangi sakafuni, na mnara ambao unaona umezungukwa na majoka mawili.

Huyo wa tatu, aliyepotea, ndiye nataka umsikilize kuliko wote.

Gemu hii haikuwekei mshale. Inaanzia melini, usiku, unapigana na Vepar, pepo wa baharini anayekushambulia juu ya sitaha. Ukimshinda unafika kijiji cha Arvantville, kilichobaki na watu wachache walionusurika, na mbele yako kuna ngome. Kuanzia hapo unajitegemea. Una ramani inayojijaza vyumba unavyovipita, na una kumbukumbu yako. Kuna ukingo ulio juu mno, kuna maji ambayo huwezi kuzama, kuna miiba inayokuua. Utavipita vyote, lakini baadaye, ukiwa na uwezo ambao bado hujaupata, na ni juu yako kukumbuka vilikuwa wapi. Kwa anayependa, hiyo ndiyo raha yenyewe: unapata uwezo mpya, na hapo hapo kichwani zinakujia sehemu tatu nne zilizokushinda, unarudi mbio. Kwa asiyependa, ni adhabu. Hakuna aliyekosea kati yao.

Lakini zipo sehemu ambazo lawama si ya mchezaji, na hapo namuunga mkono aliyeizima. Mbaya kuliko zote ni ya majini. Uwezo karibu wote wa kufungua njia unaupata kwa kumshinda bosi au kufungua kasha, kwa hiyo huwezi kuukosa. Ghafla, bila kukuambia, gemu inabadili utaratibu: uwezo wa kwanza wa kusogea chini ya maji, Aqua Stream, hauna bosi. Unatoka kwa pepo wa kawaida wa majini aitwaye Deeseama, na hautoki kila unapomuua. Mtu anamuua mara moja au mbili, hapati kitu, anaendelea na safari. Saa mbili baadaye kazunguka ngome nzima, kila njia imefungwa, na hana sababu yoyote ya kufikiri kwamba jibu lilikuwa kwa yule kiumbe aliyempita. Mtengenezaji akishakuzoesha kanuni kwa saa nyingi halafu akaivunja kimyakimya, hajakupima akili, amekupotezea muda tu. Kwa hiyo jua mapema: ukimkuta Deeseama, muue, toka chumbani, rudi, muue tena, mpaka akuachie.

Sehemu ya pili inagusa mwisho wa hadithi, kwa hiyo kama hutaki kujua ruka aya hii. Gebel, rafiki wa zamani wa Miriam ambaye sasa ndiye mwenye ngome, unaweza kumfikia na kumuua mapema. Hadithi inafungwa, unadhani umemaliza, unashangaa gemu ni fupi. Hujamaliza. Unatakiwa kumfuata ukiwa na upanga wa Zangetsu, mwindaji wa mapepo wa Kijapani, unaoupata baada ya kumshinda Zangetsu huyo mara ya pili, na wakati wa pambano la Gebel uangalie mwezi nyuma yake unapokuwa mwekundu, uukate kwa upanga huo. Sehemu kubwa ya maoni ya "gemu fupi, mwisho wa kijinga" yameandikwa na watu walioishia hapo. Ukiicheza yote, tegemea saa 15 hadi 20, zaidi kama unapenda kupekua kila kona.

Na ipo treni ambayo huipandi bila pasi yenye picha yako. Hiyo si ngumu ukizungumza na watu. Kila unapomshinda bosi, rudi kijijini, nenda dukani kwa Dominique, chagua kuongea naye, usinunue tu na kuondoka. Mara nyingi fununu ipo kwenye maneno yake. Na ukikuta mahali pamekushinda, piga picha ya ramani kwa simu. Utanishukuru wiki ya pili.

Nikuambie sasa kitu ambacho hao watatu hawakukigusa, na kwangu mimi ndicho kinachoibeba gemu hii.

Miriam ni yatima aliyelelewa na chama cha wanaalkemia wa Uingereza, wasomi wa kale waliochanganya sayansi na uchawi, karne ya 18, wakati viwanda vinaanza na watu wanaacha kuwaamini wanaalkemia. Ili wabaki na nguvu, wakachukua watu na kuwapandikiza fuwele zenye uwezo wa kuita mapepo, kisha wakawatoa kafara. Yeye alinusurika kwa kuwa alilala usingizi wa miaka kumi usioeleweka. Fuwele hizo bado zimo mwilini mwake, zinaonekana kwenye ngozi kama maua ya kioo cha rangi, na zikiachwa zitammaliza.

Sasa angalia unavyopata nguvu. Unamuua pepo, na wakati mwingine anaacha kipande cha fuwele. Kipande hicho hukiinami kukiokota. Kinang'aa hewani, kinamrukia Miriam, kinamchoma kifuani, na yeye anapinda mgongo kwa maumivu. Mara ya kwanza unashtuka. Baada ya saa kumi umeshazoea, unakitamani, unarudi chumba kile kile kumuua pepo yule yule ili kimchome tena, kwa sababu unataka moto uwe mkubwa zaidi au yule msaidizi anayeruka nyuma yako awe na nguvu zaidi. Nguvu na ugonjwa ni kitu kimoja, na wewe mchezaji ndiye unayeuongeza kwa mikono yako. Sijaona katika magemu ya aina hii wazo la kutisha lililopangwa vizuri kuliko hilo, na halikuhitaji giza wala kelele za ghafla.

Bahati mbaya hadithi yenyewe hailitumii vya kutosha. Watu wanasema hadithi ni dhaifu, nami nakubali kabisa. Maongezi ni ya kawaida, msaliti unamjua kabla hajasaliti, na kijijini kazi unazopewa ni zile zile: nenda ukaue mapepo kadhaa wa aina hii, niletee chakula fulani. Chakula angalau kina faida, maana kila sahani unayoila kwa mara ya kwanza inakuongezea nguvu ya kudumu, kwa hiyo pika kila unachoweza.

Mapigano ndiyo yanayofidia. Silaha hapa hazitofautiani kwa namba tu. Viatu vya mateke vinapiga haraka lakini lazima umkaribie adui. Mjeledi unafika mbali. Upanga mkubwa unachora nusu duara kuanzia juu ya kichwa, kwa hiyo unampata hata anayeruka. Zipo bunduki, mikuki, panga za Kijapani. Changanya hayo na vipande zaidi ya mia, vya kurusha, vya kuelekeza kwa mkono, vya kubadilisha mwili, na Johannes wa kule kijijini anakuongezea uwezo wa kila kimoja ukimpelekea malighafi. Wachezaji wawili wanaweza kumaliza gemu hii bila kufanana hata pambano moja. Kuna bosi aitwaye Bloodless, mwanamke mwenye mwavuli, damu ndiyo nguo yake na ndiyo silaha yake. Kwake ndipo utajua kama umejifunza kukwepa au ulikuwa unapiga tu vitufe.

Upande wa pili wa uhuru huo ni kwamba ugumu unavunjika. Kuanzia katikati, baadhi ya vipande vina nguvu kupita kiasi, na mabosi wa mwisho wanaanguka kabla hujaona mbinu zao. Waliotaka jasho walilalamika, na wana hoja. Kiwango kigumu kipo, kinafunguka ukishamaliza cha kawaida. Mimi ningekushauri mzunguko wa kwanza usirundike nguvu zote kwa Johannes, jiachie nafasi ya kushindwa.

Kuna lawama moja ndogo niitaje kwa sababu utaiona mwenyewe na kushangaa. Ukutani mwa ngome kuna picha kubwa za watu wa kisasa, miwani na ndevu, wamevishwa mavazi ya kale. Ni wachangiaji waliolipa zaidi ili sura zao ziwemo. Ahadi ni ahadi na ililazimu itimizwe, lakini zinakutoa nje ya karne ya 18 kila unapopita mbele yake.

Nije kwa mdogo wako na mama. Hii si gemu ya kumrusha mtu kitandani usiku. Kutisha kwake ni kwa ngome, kinanda cha kanisani, mwezi, vivuli, si kwa kitu kinachokurukia usoni. Damu ipo, tena nyingi kwa huyo Bloodless. Bodi ya Marekani inayopanga magemu kwa umri imeiweka daraja la vijana, miaka 13 na kuendelea, kwa hiyo wa miaka 12 yuko mlangoni kabisa. Kinachohitaji uwazi zaidi ni hayo mapepo. Majina mengi ya mabosi, Vepar, Bathin, Gremory, Andrealphus, Bael, hayakubuniwa na watengenezaji. Yametoka kwenye orodha ya mapepo 72 ya vitabu vya kale vya uchawi wa Ulaya. Hakuna ibada unayofundishwa wala maneno ya kukariri, na wanaoita mapepo ndio wenye makosa tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo Miriam anapigana kwa nguvu za mapepo hao hao. Usimfiche mama. Mwonyeshe dakika chache za mwanzo, mwambie hivyo nilivyokuambia, na akisema isiwashwe mdogo wako akiwepo, basi ndivyo iwe. Chumba ni chenu wawili, lakini nyumba ni yake.

Kuhusu diski: mwombe jamaa aiwashe mbele yako, icheze mpaka utoke melini, maana diski yenye mikwaruzo inaweza kufungua vizuri na kukwama baadaye. Ukifika nyumbani usianze kucheza kabla ya kupakua masahihisho. Diski zilizochapwa mwanzoni zina gemu ya mwanzo, na tangu wakati huo yameongezwa mengi bila malipo: kucheza ukiwa Zangetsu, kucheza ukiwa Bloodless mwenyewe, na namna ya kuchanganya vitu vyote vya ngome upya kila unapoanza. Tenga bando la kutosha au nenda kwa mwenye Wi-Fi. Na mkishindwana bei, usikimbilie ile ya simu iliyotoka 2020. Kuruka na kukwepa kwa kugusa kioo kunaondoa sehemu kubwa ya utamu wa mapigano niliokusimulia. Subiri punguzo la duka la PlayStation, huwa linaifikia gemu hii mara kwa mara.